Gari la Gia za Mkono Likigota: Tafuta Chanzo Kabla Hujashusha Giaboksi

Ukiwa na Impreza WRX, Altezza, Lancer Evolution au Golf GTI ya gia za mkono hapa Mombasa, kuna mlio ambao siku moja utakufikia: kong'! Unaachia klachi gari lisogee, kong'. Unaondoa mguu kwenye mafuta, unakanyaga tena, kong'. Ukilipeleka gereji, fundi wa kwanza atalisikiliza kidogo, apanguse mikono, akwambie, "Kaka, hiyo giaboksi. Tuishushe tuangalie." Pengine ni kweli. Lakini mara nyingi giaboksi haina kosa, na ukishalipia kazi ya kuishusha utakuta mpira wa bei ndogo ndio uliokuwa ukikukosesha raha.

Mimi nashika kanuni moja: usianze kwa kuuliza mlio unatoka wapi, uliza unatoka lini. Bodi ya gari ni chuma mbele hadi nyuma, na sauti husafiri humo bila kizuizi. Difu (kisanduku cha meno kinachogawia magurudumu nguvu) ikigota kule nyuma utaapa ni chini ya gia. Maunti ya injini, yaani kishikio chake cha mpira, ikigota utadhani kitu kimegonga ubao wa miguu. Masikio yanakosea sana kuhusu mahali, ila kuhusu wakati hayana shida. Mlio unaokuja tu ukikata kona, au tu ukitoka rivasi kuingia gia ya kwanza, umeshawafuta washukiwa wengi kabla hujashika spana.

Kinachogota ni nini hasa

Kutoka kwenye injini mpaka kwenye tairi kuna viungo vingi: klachi, meno ya gia, propela shafti (fimbo ndefu inayopeleka mzunguko kwenye difu ya nyuma) na misalaba yake (viungo vinavyoiruhusu ijipinde), meno ya difu, CV (viungo vya shafti za magurudumu) za ndani na za nje. Kila kiungo kina nafasi ndogo ya kucheza, na lazima kiwe nayo, la sivyo meno yangebanana na kuungua. Kati ya krauni na pinioni, yaani gia mbili kuu za difu, kwa mfano, nafasi hiyo kwa kawaida huwa milimita 0.10 hadi 0.20 hivi. Ni ndogo mno, lakini zinajumlishana.

Ukiwahi kusimama Kibarani treni ya mizigo ikianza kuvuta umeshaisikia hali hii. Kichwa kinasogea kidogo, behewa la kwanza linagota, la pili, la tatu, mpaka mkiani. Nafasi ya kila kiungo inakwisha kwa zamu. Gari lako hufanya hivyo kila nguvu inapobadilisha upande: injini ilikuwa ikisukuma magurudumu, ukaondoa mguu, sasa magurudumu ndiyo yanayosukuma injini. Gari la otomatiki lina oili katikati inayopoza pigo hilo. La gia za mkono lina springi chache tu kwenye pleti ya klachi, na mipira inayoishikilia injini, giaboksi na difu.

Na mipira hiyo inabeba mzigo mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Chukua gia ya kwanza yenye uwiano wa 3.5 na difu ya 4.1. Ukizidisha unapata zaidi ya 14. Injini ikitoa nguvu ya kuzungusha ya newton mita 200, ekseli zinapokea karibu 2,870 ukiacha kinachopotea njiani. Nguvu hiyo hiyo inayozungusha magurudumu inajaribu pia kuzungusha injini, giaboksi au difu upande wa pili, na kinachozuia ni mpira. Ndiyo maana mgoto husikika zaidi kwenye gia ya kwanza, ya pili na rivasi, na kwenye gia ya tano unaweza usiusikie kabisa.

Sasa ongeza Mombasa. Joto la mchana, joto la injini, foleni ya Makupa, hewa ya chumvi. Ongeza pia umri. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika likiwa na zaidi ya miaka 8, kwa hiyo Impreza WRX ya muundo wa GDB au Lancer Evolution IX (Evo IX), zilizokoma kutengenezwa miaka ya 2000, ikiwa iko barabarani leo basi imekaa nchini muda mrefu. Wengi wamebadilisha turbo, rimu, klachi, hata viti. Maunti za injini bado ni zile zilizotoka kiwandani.

Hatua ya kwanza: maliza yasiyo na gharama

Fungua buti utoe kila kitu. Jeki, spana ya magurudumu, spika, chupa ya maji, gurudumu la spea kama halijafungwa. Unacheka, lakini jeki ya Subaru iliyolegea kwenye sehemu yake hugota ukianza kuondoka na ukifunga breki, sawasawa na difu mbovu.

Halafu kaza nati za magurudumu kwa spana ya kupimia nguvu. Subaru nyingi hutaka kati ya newton mita 90 na 120 kutegemea mwaka, kitabu cha gari kitakwambia. Angalia pia kofia za rimu, na vile vipande vya kuongezea upana wa tairi kama umeweka.

Kisha ekzosi. Nusu ya magari ya mbio hapa mjini yamevalishwa bomba nene ambalo halikutengenezewa gari hilo, na fundi wa kuchomelea alilipitisha alipopata nafasi. Injini ikijipinda kidogo, bomba linagonga sabfremu (fremu ndogo ya chini inayoshika injini au difu) au bodi. Lisukume kwa mguu likiwa limepoa, uliangalie lina nafasi kiasi gani pande zote. Ukiona sehemu iliyong'aa kama imepigwa msasa, ndipo linapogonga.

Hatua ya pili: jua ni lini

Hii ndiyo hatua ninayotaka utumie muda mwingi kuliko zote. Toka asubuhi mapema barabara zikiwa tupu, vioo chini, redio imezimwa. Ukiweza nenda na mtu arekodi kwa simu na kusema kwa sauti unachofanya: "anaachia klachi", "anatoa mafuta", "kona ya kulia". Baadaye mtasikiliza mkiwa mmetulia. Anza gari likiwa baridi, rudia likishapata moto, kwa sababu mpira uliokufa na oili iliyochoka hazifanyi sawa katika hali hizo mbili.

Jaribu kwanza matuta. Pita tuta polepole ukiwa kwenye nyutro, gari linateleza lenyewe. Likigota hapo, uchunguzi wa giaboksi umekwisha: hakuna nguvu inayopita kwenye gia, kwa hiyo tafuta kwenye saspensheni: link za stabilaiza, boli-joenti, bushi (mipira) za lowa-amu au maunti za juu za shoku. Milio ya chini ya gari iliyosingiziwa giaboksi bure ni mingi sana kwa barabara hizi zetu.

Ikiwa matuta ni kimya, ingia gia ya pili, mwendo wa kilomita 20 hadi 30 kwa saa, ukanyage na kuachia mafuta ghafla mara kadhaa. Mgoto mmoja kwa kila badiliko la mguu unaelekeza kwenye nafasi iliyozidi: maunti, bushi za difu, misalaba ya propela, CV ya ndani. Sasa fanya hivyo hivyo kwenye gia ya nne. Mgoto ukipotea kabisa, nguvu ndiyo inayouleta, na mara nyingi ni mpira. Ukibaki, na ukaambatana na mtetemo unaopanda na mwendo, fikiria propela shafti.

Kona inajitegemea. Tafuta uwanja wazi, kata usukani mpaka mwisho, zunguka polepole. Tak-tak-tak ya haraka inayoongezeka ukikanyaga mafuta ni CV ya nje. Mara nyingi utakuta mpira wake umechanika na grisi imerukia ndani ya rimu. Lakini kama gari linarukaruka, linavuta na kuachia kwa kishindo kizito, hiyo ni difu inayobana. Kwenye gari la kuendesha magurudumu manne swali la kwanza ni tairi. Subaru hushauri tairi nne zisitofautiane mzingo kwa zaidi ya takriban milimita 6, robo inchi. Mtu aliyenunua tairi mbili mpya akaacha mbili kuukuu ameipa difu ya kati (inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma) kazi ya kuteleza kila mita ya safari, na hiyo difu itafanya kelele kabla haijafa. Mwenye Impreza STI yenye kidude cha kurekebisha difu ya kati aweke kwenye hali ya wazi kabisa, azunguke tena. Kishindo kikipotea, umepata pa kuanzia.

Difu ya kubana ya pleti, ile wanayoweka vijana wa kuteleza na gari, hugota kwenye kona za polepole hata ikiwa nzima. Iwekee oili yake maalumu na uache kulalamika. Kama huwezi kuvumilia kelele hiyo kwenye maegesho ya Nyali, ulinunua difu isiyokufaa.

Rivasi nayo. Rudi nyuma, simama, ingia ya kwanza, sogea. Kong' moja tu, halafu kimya mpaka urudi nyuma tena? Angalia pedi za breki zinazocheza ndani ya kishikio chake, na nati ya ekseli katikati ya gurudumu. Mlio wa "tik" mkali sana kwenye hali hii, hasa kwa BMW, mara nyingi ni meno ya ekseli yaliyokauka mahali yanapoingia kwenye habu. Huvuliwa, husafishwa, hupakwa grisi ya molibdeni, hurudishwa na nati mpya.

Mwisho, zima injini na usikilize. Mgutuko mzito wakati injini inasimama au inapowaka, hasa kwenye Golf GTI na wenzake wa flaiwili (gurudumu zito la injini linaloshikwa na klachi) za vipande viwili, unaelekeza kwenye flaiwili au maunti. Tutairudia.

Hatua ya tatu: boneti wazi

Jaribio hili halihitaji gharama na linafichua maunti zilizokufa kuliko jingine lolote. Gari liwe mahali tambarare, magurudumu yamewekewa vizuizi mbele na nyuma, hendibreki imevutwa. Anayekaa kwenye usukani awe mtu unayemwamini kwa klachi. Wewe simama ubavuni, kamwe usisimame mbele wala nyuma, na kama umevaa kikoi au shati refu lifunge vizuri, feni haichagui.

Dereva anakanyaga breki kwa mguu wa kulia, anaingia gia ya kwanza, anaachia klachi taratibu mpaka injini inaanza kulemewa, halafu anaikanyaga tena mara moja. Ni sekunde moja au mbili, msiikaange klachi. Kisha rivasi, vivyo hivyo. Nenda na rudi mara chache.

Wewe usitazame injini nzima. Chagua kitu kimoja kilichoshikamana nayo, kwa mfano shingo ya bomba la hewa, na kitu kimoja cha bodi kilicho jirani nacho, uangalie nafasi kati yao. Injini nzima husogea kidogo na kurudi polepole. Iliyokatika maunti inaruka, inafika mwisho, inagota. Ukiona mabomba ya redieta yanavutwa, umeshapata jibu kabla ya kuingia chini.

Magari hayafanani hapa. Kwenye Evo, GTI au Civic injini imelala kwa upana, hivyo hunesa kwenda mbele na nyuma, na mshukiwa mkubwa, hasa kwa GTI, ni kile kimkono kifupi cha chini chenye mpira kila ncha. Kwenye Altezza, Chaser au Skyline imelala kwa urefu, kwa hiyo upande mmoja ndio unaonyanyuka. Subaru ina fimbo fupi juu, nyuma ya injini, inayotoka kwenye giaboksi kwenda kwenye ukuta wa mbele wa kabini. Mafundi wengi huiita stopa. Kwenye gari la turbo iko chini ya intakula (kipoza hewa ya turbo), watu hawaioni, kwa hiyo hawaibadilishi. Ingiza kidole kwenye mpira wake. Kikitoka na unga mweusi na ukahisi ufa unaozunguka bomba la kati, hapo pana mgoto wako, au sehemu yake kubwa. Kuibadilisha ni boliti mbili ukishatoa intakula. Sijui kazi nyingine ya Subaru inayorudisha faida kiasi hicho kwa pesa kidogo.

Maunti zenye maji ndani hupasuka na kuvuja. Ukikuta doa jeusi limetiririka kwenye maunti na juu yake injini ni kavu, maunti yenyewe ndiyo iliyovuja.

Hatua ya nne: chini ya gari

Tumia shimo la gereji au stendi nne imara. Tofali na mawe hayahesabiki kuwa stendi, hata kama fundi jirani hulala chini ya gari lililowekwa juu yake kila siku. Gari linaloendeshwa na magurudumu yote manne usilinyanyue ekseli moja na kuwasha injini kwenye gia. Ekseli iliyobaki chini italisukuma litoke. Na wakati wote uko chini, injini izimwe. Ukitaka kuona difu inavyocheza gari likitembea, funga simu chini kwa utepe imara ikitazama difu, endesha polepole, urudi utazame video. Inatosha kabisa.

Anza na propela shafti. Weka gia ya kwanza, hendibreki imevutwa, ishike shafti kwa mikono miwili uizungushe huku na huku. Tazama msalaba: uma mbili zikicheza, moja ikiachwa na nyingine, hata kwa kiasi kidogo, msalaba umekwisha. Hapo hakuna "bado kidogo". Uma zikienda pamoja na mlio ukatoka ndani ya difu, hiyo ni nafasi ya meno, na kiasi fulani ni halali. Sukuma shafti juu na chini karibu na beringi ya katikati. Mpira wake ukipasuka, shafti inaning'inia na kugonga handaki la bodi unapoondoka. Kwenye BMW kuna diski ya mpira kati ya giaboksi na shafti. Kagua kuzunguka kila boliti, nyufa huanzia hapo.

Kama shafti inaingia ndani ya mkia wa giaboksi kwa kuteleza, meno yake yakikauka hushikamana halafu huachia ghafla. Dalili yake ni kong' moja baada ya kusimama kabisa, au pale pale unapoondoka. Safisha, paka grisi inayofaa, jaribu tena kabla ya kununua kitu.

CV ya ndani ishike shafti yake uisukume ndani na nje. Kuingia na kutoka ni kawaida, imeundwa hivyo. Kuizungusha na kuhisi imelegea si kawaida. Gari lililoshushwa chini sana huilazimisha CV kufanya kazi kwa pembe mbaya muda wote, kwa hiyo ukibadilisha CV bila kulinyanyua kidogo utarudi kwa muuza spea.

Sasa mtaimbo. Uweke kati ya difu ya nyuma na sabfremu, uinue taratibu. Bushi nzima inakupa ukinzani kisha inarudi. Iliyokufa inaacha chuma kigote chuma. Fanya hivyo kwa maunti ya giaboksi pia. Angalia palipong'aa: chuma kinachogongana hakishiki kutu mahali hapo, na katika hewa hii ya pwani, ambapo kila boliti isiyopakwa kitu hubadilika rangi, doa safi la chuma linaonekana kwa urahisi.

Mwenye BMW E46 aongeze kazi moja. Inua zulia la buti na uchunguze sakafu ya nyuma juu ya sabfremu, kisha uitazame kwa chini pia ukiwa na tochi. Bodi hizo zinajulikana kupasuka mahali sabfremu inaposhikwa. Nyufa za aina hiyo hugota kama difu, na dawa yake ni kuchomelea bamba za kuimarisha. Bushi mpya juu ya bodi iliyopasuka ni pesa iliyomwagwa baharini.

Hatua ya tano: oili

Mwaga oili ya giaboksi na ya difu kwenye chombo safi. Sumaku ya kizibo ikiwa na unga laini wa kijivu, hiyo ni kazi ya kawaida ya miaka. Vipande vyenye makali, au kitu kinachofanana na ncha ya jino, sasa ndiyo habari mbaya uliyokuwa ukiogopa. Oili ya rangi ya maziwa ina maji ndani, na kama ulipita kwenye madimbwi ya masika yaliyofika juu ya ekseli unajua yalikoingia.

Usijaze oili yoyote iliyoko dukani. Giaboksi nyingi za magari yanayoendeshwa na magurudumu mawili tu huomba oili ya daraja la GL-4, kwa sababu ya GL-5 inaweza kuwa na viungo visivyopatana na pete za shaba zinazolinganisha mwendo wa gia, na gia zikaanza kuingia kwa shida. Giaboksi ya gia tano ya WRX inashiriki oili moja na difu ya mbele, kwa hiyo huomba GL-5. Soma kitabu, au alama kwenye mwili wa giaboksi. Na usikubali oili nzito kupita kiasi ili "kunyamazisha". Itanyamaza wiki mbili.

Hatua ya sita: sasa klachi, halafu giaboksi

Umefika hapa na kila kitu cha chini ni kizima. Kanyaga klachi, subiri kidogo, ingiza rivasi. Ikisaga, huenda klachi haiachii yote: angalia kiwango cha oili yake, kisha silinda ya juu na ya chini kama zinavuja. Rivasi za magari mengi hazina pete ya kulinganisha mwendo, kwa hiyo kusaga kidogo ukiharakisha ni kosa la mkono.

Gari likiwa nyutro, mguu nje ya klachi, ukisikia mchakacho unaokufa ukikanyaga klachi, huo si mgoto tunaoutafuta. Mara nyingi ni meno ya gia yakichezeana, na aliyeweka flaiwili nyepesi amejiletea mwenyewe. Springi ya pleti ya klachi iliyovunjika inatetereka unapoanza kuondoka, na ukiongeza mwendo inatulia. Flaiwili ya vipande viwili iliyochoka hugota wakati wa kuwasha na kuzima. Vyote viwili vinataka giaboksi ishushwe, na ukishaishusha badilisha pleti, presha, beringi ya kuachilia na sili ya nyuma ya kranki kwa pamoja. Kazi ya kufungua ndiyo ghali, hutaki kuilipia mara mbili.

Kuhusu spea na fundi

Maunti kuukuu zilizofika na injini kutoka Japani zinauzwa bei ya kuvutia. Mimi sinunui. Mpira hauzeeki kwa kilomita peke yake, huzeeka pia kwa miaka, na hiyo maunti imekaa kwenye kontena na kwenye jua la duka. Chuma kilichotumika unaweza kukikagua, mpira uliozeeka huwezi kujua utadumu siku ngapi.

Bushi za poliyurethani na maunti ngumu za mashindano zinaondoa mchezo kweli. Zinaleta pia kila mtetemo wa injini mpaka kwenye meno yako, na mlio wa meno ya difu ambao mpira ulikuwa ukiuficha utausikia wazi. Watu huzifunga wakitafuta kimya na kurudi wakilalamika kelele zimeongezeka. Kwa gari la kwenda kazini Shimanzi kila asubuhi, mpira mpya wa kiwandani unatosha. Stopa ngumu kidogo ya Subaru ni nyongeza ninayoikubali.

Ukimpelekea fundi, mpe ulichoandika badala ya kumwambia "gari linagonga". Mwambie, "Fundi, inagota ya pili nikitoa mafuta, ya nne hakuna. Matuta kimya, kona kimya. Stopa imepasuka." Fundi mzuri ataanzia hapo, na mwingi wa maneno ataona umekuja umejiandaa. Omba pia kuona spea kuukuu zikitoka.

Kosa moja la ufungaji hurudisha magari mengi: bushi za lowa-amu kukazwa gari likiwa linaning'inia kwenye jeki. Mpira unafungwa ukiwa umejipinda, gari likishuka unabaki umenyongwa, na unapasuka kabla ya wakati wake. Boliti hizo hukazwa mwisho, gari limekanyaga chini kwa uzito wake. Baada ya kilomita mia chache rudi ukague kila boliti uliyoigusa.

Ukishamaliza yote na bado pana kong' ndogo kwenye gia ya kwanza kwa mwendo wa kutambaa, hiyo ni nafasi halali ya meno na utaishi nayo. Ukipanda rampu ya feri au ukisota na foleni ya Daraja la Nyali, usicheze na mafuta kwa kukanyaga na kuachia. Peleka gari kidogo, kanyaga klachi kabla ya kutoa mguu kwenye mafuta, liache litambae lenyewe, kisha uachie klachi tena taratibu pengo likifunguka mbele yako.